Kona ya Magunia

Kuna kona moja mjini Lubumbashi ambayo siipiti. Nikienda sokoni au posta, nazunguka barabara mbili nzima na magoti yangu haya yenye kelele, na wajukuu wananicheka. "Kambo, njia njo hii hapa!" wananiita, kwani bibi kwetu ni kambo. Nawajibu kwamba daktari ameniambia nitembee. Daktari hajaniambia kitu. Ile kona bado ina sauti ya mama yangu ndani yake, na mimi sina nguvu ya kuisikia nikiwa nimebeba kapu la mboga.

Majina sitayaandika. Si langu, si la kaka yangu, wala ya wale babu ambao mama aliwaita siku ile mmoja mmoja. Katika nyumba yetu jina liliwahi kutoka kinywani mahali lisipotakiwa, na mara moja ilitosha.

Mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Katanga ilikuwa imejitangaza nchi peke yake, bendera mpya yenye misalaba ya shaba inapepea hata kwenye maduka ya mikate, na sisi tuliotoka Kasai tukawa wageni bila kusogea hata hatua moja. Baba aliletwa huku na reli, akafanya kazi ya ukarani wa reli mpaka akafa, na amezikwa hapa. Mimi nilizaliwa hapa. Kasai niliijua kwa kusimuliwa tu. Lakini mwaka ule watu walianza kuuliza unatoka wapi kabla ya kuuliza umeamkaje. Kule kwetu Kenya, mtaa wa wafanyakazi wa mji huu huu wala si nchi, tuliamka asubuhi nyingine tukakuta nyumba ya jirani iko wazi, vitanda vimeondoka, na kuku wanatembea sebuleni.

Kaka yangu alikuwa fundi wa magari kwenye garaje ya mzungu mmoja mjini. Alikuwa kifungua mimba wa mama, mimi nikiwa wa mwisho, na wa katikati wote walikufa wadogo. Kule garajeni aliwaambia ni mtu wa Kasenga, kwenye mto Luapula. Na alifanya kazi ya kuwa mtu wa Kasenga kama alivyofanya kazi ya kufungua injini, kwa subira na bila kuruka hatua. Aliwasumbua mama wauza samaki mpaka akajua kila samaki kwa jina, na mtumbwi gani unafaa msimu gani. Saa sita mchana alikula samaki mbele ya wenzake huku akitema miiba kwa ufundi. Nyumbani hakuwahi kumpenda samaki hata siku moja.

Halafu akahama. Alisema akionekana akiingia uani kwetu, ambako kila mtu anajua tumetoka wapi, uongo wake utakufa. Akawa analala kwenye stoo ya matairi nyuma ya garaje. Kabla ya kuondoka alitupa sheria moja. Kiluba cha Kasai kisisikike tena, hata ndani ya nyumba, hata kwa kunong'ona. Tuseme Kiswahili tu. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, aliumia sana.

"Munanifunga kinywa mu nyumba yangu mwenyewe?" alisema.

"Mama, miye nataka kuishi," kaka akamjibu, na maneno yakaisha hapo.

Zikapita wiki saba mama hajamwona. Hakulia. Alipika chakula cha watu watatu kila jioni, kisha tukala wawili, na ile sehemu ya tatu nikaila mimi asubuhi. Nilinenepa mwaka ule wa mateso. Hata leo naona aibu.

Basi wazungu wakatangaza mashindano ya magari. Yangefanyika Jumapili, katikati ya mji, kwenye barabara zenyewe. Nadhani walitaka kuonyesha kwamba nchi yao mpya iko salama, watu wanacheza. Wafanyakazi wakafunga kamba kando ya njia, wakapanga matairi, marobota ya nyasi kavu, na kwenye kona kali wakapandanisha magunia ya mchanga yaliyopakwa mistari ya chokaa nyeupe. Mzungu wa kaka yangu angeendesha gari lake mwenyewe, na mafundi wake wangewekwa sehemu mbalimbali.

Ijumaa mchana kaka alinijia kazini. Nilikuwa nashona kwa mama mmoja wa Kigiriki, na kazi yangu nyingine ilikuwa kupeleka nguo kwa wateja. Alisimama kwenye mlango wa nyuma, mkononi ameshika pampu ya baiskeli ili aonekane ametumwa.

"Sikia," aliniambia. "Siku ya Mungu, uchukue mama, mwende ku reli, kule juu ya tuta. Kurse ikiisha, tutapita pale chini na kamyo ya garaje. Nitainua mukono. Mama ataniona, basi." Kurse kwetu ni mashindano, na kamyo ni lori.

"Yaya, kule ataona nini? Vumbi tu!" nilimwambia, kwani kaka mkubwa kwetu ni yaya.

"Ataona mukono yangu. Inatosha." Kisha akanikazia macho, na kaka yangu hakuwa mtu wa kukaza macho. "Usimulete ku kona ya magunia. Kule njo watanisimamisha miye na benzangu. Usimulete. Unasikia?"

Nilimwambia nasikia. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walisahau kusema kwamba pengine guu linalovunjika ni la huyo mkuu.

Lazima nieleze kiburi changu, kwa sababu bila hicho hakuna kisa. Mimi mji ule niliujua. Mwanamke mweusi aliyebeba gauni la mzungu mkononi hapiti mbele, anapita nyuma, na nyuma ya nyumba zote za wazungu kulikuwa na vichochoro ambako zamani wabeba ndoo za choo walipita. Mimi nilivipita vyote. Nilijua ukuta upi umebomoka, na mbwa yupi anabweka bure na yupi habweki ila anauma. Wasichana wenzangu walinitania kwamba ningepofuka bado ningefika. Kwa hiyo mtu akiniambia simama pale, mimi niliyezoea kuchagua, nilisikia kama ameniambia sijui kazi.

Jumamosi nikatundika gauni la mtu mkononi, nikatembea njia yote ya mashindano kama napeleka nguo. Nikapima kila mahali. Penye balkoni palikuwa pa wazungu na viti vyao. Kwenye barabara iliyonyooka magari yangepita kama jiwe la manati, huoni kitu. Penye miti, vijana walikuwa wameshajigawia matawi. Halafu nikafika kwenye kona ya magunia. Pembeni yake palikuwa na kiwanja ambacho mwenyewe aliacha kujenga, na ndani yake kichuguu, moja ya zile nyumba kubwa za mchwa ambazo huku kwetu zinapita kimo cha watu wawili. Nikakipanda. Magari yangelazimika kupunguza mwendo pale chini yangu. Na mtu aliyesimama nyuma ya magunia ningemwona mpaka kope.

Tuta la reli sikwenda hata kulikagua. Nililiangalia kutoka mbali, nikalidharau.

Nikamwambia mama, na namna nilivyomwambia ndiyo inayoniuma. "Yaya anataka uone mukono. Miye nitakuonesha uso." Mama akaacha kuchambua maharage. Nikampa sharti moja, kwamba asitoe neno. Akashika midomo yake kwa vidole viwili, akaibana, na tukacheka, sisi wawili, kwa mara ya kwanza tangu kaka ahame.

Jumapili tulitoka baada ya misa ya kwanza. Ilikuwa baridi ya kiangazi, ile inayokausha midomo, na moshi wa kiwanda cha shaba ulikuwa umelala juu ya mji. Mama alivaa kitambaa chake cha Pasaka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mbaya tangu zamani, hivyo tulikwenda polepole, tukapita mtaa wa Albert, na tulipofika mjini tukakuta kamba na watu na wanajeshi wenye beji mpya. Kuvuka kulikuwa kazi. Walikuwa wameweka sehemu moja tu ya kuvukia, na mtu mwenye filimbi alikuwa anaruhusu kundi kwa kundi. Akishapiga ile ya mwisho, uliko ndiko utakakobaki mpaka mashindano yaishe, na tuta la reli lilikuwa upande tuliotoka.

Mama aliuliza, "Reli si iko upande hii?"

"Tutaenda kisha, mama."

Tukavuka. Nikampitisha kwenye kichochoro, kwenye ukuta uliobomoka, nyuma ya jiko la mteja wangu mmoja, tukatokea moja kwa moja kwenye kile kiwanja huku wengine wakisukumana barabarani. Nilijisikia mkubwa sana. Kichuguu kilikuwa kimejaa, lakini baba mmoja mwenye kofia ya manyoya, mtu mzima wa heshima, alimwona mama na mguu wake. Alikuwa amekalia kasha la sabuni. Akasimama.

"Ikala hapa, mama," alimwambia.

Mama akamshukuru kwa kuinamisha kichwa, bila sauti. Alikuwa anashika sharti.

Kaka alikuwa pale. Ovaroli ya kijivu, nyuma ya magunia, pamoja na wenzake watatu na ndoo za mchanga kwa ajili ya moto. Alikuwa amekonda. Shingo yake ilikuwa imekuwa ndefu, sijui niseme vipi, shingo ya mtu anayesikiliza kila wakati. Mama alipomwona alinishika mkono na kuubana mpaka pete yangu ikaniumiza. Hakusema neno. Kaka hakutuona, alikuwa anaangalia njia. Nikajisemea, umeona? Mama amemwona mwanawe, uso kamili, na hakuna aliyekufa.

Yangeishia hapo, ningekuwa leo bibi mwenye kujisifu.

Magari yakaanza. Kelele ile ilikuwa inaingilia kifuani kabla ya kufika masikioni. Yalikuja moja moja, yakafunga breki chini yetu, matairi yakapiga kelele, harufu ya mpira ulioungua ikapanda mpaka juu ya kichuguu, watu wakashangilia hata hawajui wanamshangilia nani. Duru ya tano au ya sita, sikumbuki, gari la mzungu wa kaka likaja linatoa moshi mweupe mbele. Likateleza, likagonga magunia kwa ubavu, likabaki limekaa mshazari katikati ya njia. Mzungu ndani amezubaa. Na tunasikia mengine yanakuja.

Wale watatu waliganda. Kaka akaruka magunia, akakimbilia barabarani peke yake. Gari lililofuata lilitokea konani na kumpita karibu sana, hata ovaroli yake ikapepea kama nguo kwenye kamba. Hakurudi nyuma. Akaweka bega, akaanza kusukuma.

Mama akasimama juu ya lile kasha.

Kwa watu wetu wa Kasai kuna kitu kinaitwa kasala. Ni maneno ya kumwita mtu kwa urefu wake wote. Unaanza na jina lake, unamtaja baba yake, na baba wa baba yake, na mto walikotoka, na nani aliua chui na nani hakukimbia vita, mpaka yule anayeitwa asimame akiwa na ukoo mzima nyuma ya mgongo wake. Huimbwa kwenye msiba. Huimbwa pia mtu anapoingia hatarini, ili asiingie peke yake. Mama aliijua yote, na wanawake wa Kenya walikuwa wanamwita kutoka mtaa hadi mtaa kwa ajili ya sauti ile. Mwana wake alikuwa kwenye kifo, naye alikuwa mama wa Kasai. Alisahau Katanga. Alisahau sharti. Alifungua kinywa alichofungwa wiki saba, na kasala ikatoka yote, kwa Kiluba chetu, ikapita juu ya injini.

Nilimvuta nguo. Ilikuwa sawa na kuvuta mto wa maji urudi nyuma.

Mtu mwingine angejifanya kiziwi. Mtu wa Kasenga angeendelea kusukuma. Lakini mwanaume wetu akiitwa na kasala ni lazima asimame, hivyo ndivyo alivyolelewa, hata akiwa amebeba mzigo anautua. Kaka yangu aliacha gari. Alinyooka. Aligeuka kuelekea kichuguu, akamtafuta mama kwa macho mpaka akampata, na akasimama wima katikati ya barabara, mabega nyuma, mpaka alipotajwa babu wa mwisho. Alikuwa mzuri. Sijawahi kumwona mzuri vile. Wenzake wakamwangalia yeye, kisha wakageuka wakatuangalia sisi.

Yule baba mwenye kofia akamwuliza mama kwa upole, "Ule iko mutoto yako?"

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, neno dogo tu. Mama akaniwahi, uso wake unang'aa.

"Njo wangu wa kwanza."

"Ulizaa mwanaume," alisema yule baba. Akavua kofia, akairudisha kichwani, akashuka. Kasha lake la sabuni aliliacha.

Macho yangu yakamfuata yeye. Alipita nyuma ya watu, kando ya kamba, mpaka lilipoegeshwa gari la jipu la wanajeshi, akasimama karibu nalo. Akatoa sigara. Mwanajeshi mmoja akamwashia. Midomo yake ilikuwa inacheza, lakini mtu mwenye sigara midomo yake hucheza. Mpaka leo sijui kama alisema kitu au aliomba moto tu. Nyuma yangu nikasikia gari la mzungu wa kaka linafoka mvuke, watu wakapiga yowe la "Eee!", nami sikugeuka. Nilikuwa namlinda yule baba kwa macho, kana kwamba nikipepesa ndipo atasema. Nilipogeuka, gari lilikuwa limeshaondolewa njiani, na kaka alikuwa nyuma ya magunia, ametupa mgongo, wenzake wamemzunguka. Nikashukuru Mungu kwamba wamemzunguka.

Mashindano yalipoisha kamba zikalegezwa. Mguu wa mama ulikuwa umevimba kwa kusimama. Nikamwacha kwenye ngazi za kanisa nikakimbia peke yangu kwenda kwenye tuta la reli, kwa sababu ahadi ilikuwa ahadi, na kwa sababu nilihitaji kuuona ule mkono kuliko mama alivyouhitaji.

Nikapanda tuta. Na nikaona kwamba kaka yangu alikuwa amelichunguza mahali pale vizuri kuliko nilivyochunguza mimi mji mzima. Barabara ilipita chini kabisa ya tuta, na magari yalilazimika kusimama kabla ya kuvuka reli. Palikuwa karibu. Palikuwa patupu, hakuna mtu wa kusikia chochote, hata mama angeimba. Mtu angekaa pale kwenye majani na kumwangalia mwanawe uso kwa uso mpaka gari liondoke.

Kamyo ya garaje ikaja, ikasimama. Niliona mafuta kwenye kucha za watu. Walikuwa wanaume watatu nyuma, na kaka yangu hakuwemo. Mmoja wao aliinua kichwa, akaniona, akainamisha.

Nilirudi taratibu. Kwa mara ya kwanza maishani nilipotea njia mjini. Nilipofika kanisani mama alikuwa amesimama kwenye ngazi na mguu wake ule ule.

"Ulimuona?"

"Nilimuona, mama."

"Aliinua mukono?"

"Aliinua."

"Mukono gani?"

Sikutegemea swali hilo. "Ya kuume," nikasema, nikainua wangu kumwonyesha. "Juu kabisa."

Mama aliuangalia ule mkono wangu. Kisha akasema "Aksanti," akajifunga kitambaa, tukaenda nyumbani.

Jumatatu nilikwenda garajeni na gauni la mtu mkononi. Mzungu alisema fundi wake hajaja kazini, na kwamba weusi wote ni hivyo hivyo. Yule aliyeinamisha kichwa ndiye aliyenifuata mpaka nje. Alikuwa amevaa shati lisilo na mkono mmoja, limechanwa begani, nikamwona ni mtu mchafu tu.

"Balikuya bantu babili," watu wawili, alisema bila kuniangalia. "Mbele kamyo itoke. Balimuita na jina, bakaenda naye."

"Jina gani?"

Akalitaja. Lilikuwa jina la nyumbani, la kwanza kabisa kwenye kasala. Garajeni kwake hakuna aliyekuwa analijua mpaka ile Jumapili.

Sikumwambia mama. Ningemwambiaje? Kumwambia kwamba walimwita kwa jina ni kumwambia nani aliwapa. Na nikimwambia nani aliwapa, lazima niseme pia nani alimpeleka pale kwenye kichuguu. Nikauacha ule mkono ukiwa umeinuliwa juu, na sisi wawili tukaishi chini yake.

Miezi ilipita, mambo yakawa mabaya zaidi, tukakimbilia kwenye kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji, kwa wanajeshi wa kulinda amani wenye kofia za buluu, tukalala chini ya turubai pamoja na maelfu ya watu wetu. Siku moja nilitumwa mjini kutafuta dawa, nikapita kwenye ile kona. Magunia yalikuwa bado pale, ila yamepangwa upya, na juu yake bunduki kubwa imelala. Mistari ya chokaa ya mashindano ilikuwa bado inaonekana. Nilisimama nikaiangalia mpaka mwanajeshi akanifokea. Nilisikia sauti ya mama wazi kabisa, tangu jina la kwanza, na mama alikuwa kambini anachemsha maji. Tangu siku ile siipiti.

Watu wetu walipoanza kupakiwa kwenye treni kurudishwa Kasai, mama alikataa. Walimbembeleza, wakamwambia huku atakufa. Alisema tu, "Nabakia." Mimi nilijua kwa nini anabaki, au nilidhani najua. Anabaki kwa ajili ya mkono wangu wa uongo, nilijisemea. Mtu aliyeinua mkono ni mtu aliye hai, na aliye hai hurudi, na akirudi nani atamfungulia? Kila alipokufa mtu wetu huku kwa homa au kwa njaa mwaka ule, nilimwangalia mama nikafikiri, huyu angekuwa kwao sasa, kama si mimi. Nilishindwa hata kula mbele yake.

Vita vikaisha, Katanga ikarudi Kongo, tukarudi Kenya kwenye nyumba isiyo na milango. Nikaolewa, nikazaa. Mama hakuita kasala tena. Binti yangu wa kwanza alipoolewa, wanawake walimpigia magoti wakimwomba, naye akaimba wimbo wa kanisa. Hata kwenye misiba ya watu wetu aliketi kimya, vidole viwili vimebana midomo. Wengine walisema amezeeka. Mimi nilitoka nje kila mara.

Mwaka wake wa mwisho alikuwa anaota jua uani kwenye mkeka, nami nampaka mafuta miguu. Siku moja mchana, gari la jirani lilikuwa linafoka mvuke barabarani, mwenyewe anahangaika na maji. Mama alilisikiliza.

"Ile siku ya mituka," alisema, yaani siku ya magari.

Hatukuwa tumeitaja ile siku hata mara moja tangu tuirudishie nyumba milango.

"Alifungula ile mufuniko. Maji ya moto ikamurukia. Mukono ya kuume yote iliungua, bantu bakapiga yowe. Mwenzake akapasula shati yake, akamufunga hapa." Akaweka mkono wake mwenyewe kifuani, akaulaza. "Haikuweza kuinuka."

Mafuta yalikuwa yananitiririka kwenye vidole. Niliiona ile kona yote upya, na mahali pa kaka palikuwa patupu, kwa sababu mimi niliyechagua mahali pa kuonea nilikuwa namwangalia mtu wa sigara. Nikamwona pia yule mwenye shati lisilo na mkono.

"Mama, ulijua siku zote? Na haukusema?"

"Ningesema nini? Miye njo nilimuita." Akafumba macho, jua limempiga usoni. "Uliniletea mukono. Nikapokea."

"Na kule Kasai? Juu ya nini haukurudia?"

"Iko hapa. Sijui wapi, lakini iko mu udongo ya hapa. Nitamuacha na nani?"

Nikalia, mtu mzima, na wajukuu wanaangalia. Nikamwomba anisamehe kichuguu, nikamwambia kuhusu tuta la reli, jinsi palivyokuwa karibu, jinsi palivyokuwa patupu. Nilimwambia yote. Alinyoosha mkono akanigusa kichwani, kama mtu anayemnyamazisha mtoto ili asiamshe wengine.

"Pahali ulinipeleka palikuwa muzuri," alisema. "Nilimuona."

Akaninyooshea mguu wa pili, nikaendelea kumpaka mafuta.